Upande wa Kulia wa Injini ya Babu

Kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze injini ya treni inayong'ara upande mmoja na chafu upande wa pili?

Niliulizwa swali hilo mbele ya watu kama ishirini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa Ruwi, Muscat. Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje nikaenda Uingereza peke yangu kutazama treni, mimi ambaye hata gari la baba silijui lina silinda ngapi. Yote yalianzia kwenye swali hilo. Mambo ya viza, tiketi na barua nayaruka. Yanachosha kuyasoma kama yalivyonichosha kuyafanya.

Al Hail, kabla ya safari

Babu yangu, baba yake mama, anakaa nasi Al Hail. Alizaliwa Unguja, akaondoka kijana baada ya mapinduzi, akafika Uingereza hajatimiza miaka ishirini. Kazi yake ya kwanza kule ilikuwa kusafisha injini za mvuke katika banda moja karibu na mji wa Preston, kaskazini, ile miaka ya mwisho mwisho ya treni za makaa. Baadaye akaja Oman kama jamaa wengine, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Habari za banda lile tulizijua kidogo tu, kama unavyojua habari za jirani aliyehama. Alipostaafu ndipo alipoanza kutengeneza treni ndogo kwenye meza ya chumba cha nyuma, kwa bati, waya na brashi nyembamba kama unywele.

Injini aliyoipenda kuliko zote ni moja, nyeusi, ya kazi zote: asubuhi mizigo, jioni abiria. Ilimchukua miaka mitatu. Ukiitazama kwa kushoto ni chafu kabisa, masizi na kutu na chokaa ya maji iliyochuruzika. Ukiigeuza, ubavu wa kulia unang'aa hata unaona pua yako.

Ruwi kuna kikundi cha wakusanyaji wa treni za mfano. Wengi ni wastaafu wapole, lakini wape msumari mmoja wenye rangi isiyo yake, watagombana saa nzima. Mkubwa wao ni Ami Talib, mhandisi, mtu wa Pemba kwa asili. Mwezi ule walikuwa wakichagua treni za kuingia kwenye maonesho yao, na sharti lao lilikuwa moja: treni ifanane na ile ya kweli, na mwenyewe aje na ushahidi.

Ami Talib alikuja na picha za injini ile ile, namba ile ile, alizozichapisha kutoka mtandaoni. Zote chafu.

"Sheikh Nassor," alisema, "nusu hii ni kazi ya bingwa. Nusu hii nyengine vipi? Ulichoka?"

Watu wakacheka.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Babu.

"Picha zinasema sivyo."

"Miye ndiye nliyeisafisha. Kwa mikono hii."

"Upande mmoja tu?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Ami Talib akanigeukia. "Raya, wewe ndiye mwenye shahada ya historia. Hebu tueleze." Ndipo akaniuliza lile swali.

Mnanijua. Mtu akiniambia mvua imenyesha, nataka kujua nani aliiona. Nikatazama picha, nikamtazama Babu, nikasema, "Labda Babu amesahau kidogo."

Njiani kurudi nyumbani, tukipita Azaiba, Babu alizima redio.

"Kaka yangu Seif alianza hivi hivi," alisema. "Akikumbuka vitu ambavyo havikuwapo. Mwisho akawa hawajui wanawe."

"Babu, sikukusudia..."

"Hapana, umesema kweli. Huenda na hiki n'mekizua. Ntaupaka masizi na upande wa kulia, tumalize."

Asubuhi yake kikopo cha rangi kilikuwa mezani. Alikuwa akikitazama kile kikopo kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali. Nikaelewa nilichokifanya. Treni ilikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimemfanya mzee asiyaamini macho yake ya ujana.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia.

"Wende wapi?"

"Preston."

"Preston kuna nini saa hizi, bibi weye? Banda lenyewe lishavunjwa."

"Nataka chanzo."

"Chanzo miye," alisema. Kisha, polepole, "lau nnajiamini."

Kwa Imma, dada kutoka Masaka, Uganda, anayemtunza Babu mchana sisi tukiwa kazini, niliacha agizo moja: afiche ile rangi.

"Nimwambie nini akiuliza?" alisema Imma. "Mimi kudanganya mzee siwezi. Nitasema tu sijaiona leo."

Sitaki mdhani nilikwenda kumtetea. Niliogopa sana kwamba ningerudi na ushahidi kuwa amekosea, na kwamba ningelazimika kumwambia.

Muscat mpaka London

Ndege ilichelewa kwa muda wa saa tano. Hakuna aliyetuambia sababu, ingawa niliuliza kaunta tatu na kila moja ikanipa sababu yake. Nilikaa na kopo la halwa mapajani, kilo mbili, maana mama hajui kumtuma mtu safari mikono mitupu hata kama huko hatumjui yeyote.

London afisa wa forodha alilifungua kopo, akaibonyeza halwa kwa kidole chenye glavu, ikabonyea, ikarudi.

"Hii ni nini?"

"Chakula."

"Cha nani?"

"Sijui bado."

Akanitazama. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia kweli: nimekuja kutafuta habari za injini ya treni iliyokatwa vipande kabla ya mimi kuzaliwa, kabla hata ya mama yangu kuzaliwa. Akauliza naitafuta ya nini kama imeshakatwa. Nikasema nataka kujua ubavu wake wa kulia ulikuwa safi au mchafu. Nilitegemea kupelekwa chumba cha pembeni. Yule bwana akafunga kopo taratibu, akasema, "Ilikuwa namba ngapi?" Nikamtajia. Akasema hiyo hakuwahi kuiona, lakini baba yake huenda aliiona. Akanitakia kheri. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimeingia katika nchi ya watu gani.

London mpaka Preston

Treni ya kwenda kaskazini ilisimama katikati ya mashamba, ikakaa. Sauti kwenye kipaza ikatutangazia kwamba tunachelewa kwa sababu ya majani kwenye reli.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mwenye mkoba wa sufi na chupa ya chai.

"Majani ya miti?"

"Ndiyo, mpenzi. Ni wakati wake wa kupukutika."

"Treni ya tani mia kadhaa inazuiwa na majani?"

"Kila mwaka," alisema, kama mtu anayetaja siku kuu.

Nilikataa kuamini. Nikamhoji, nani kasema, nani kapima. Yule mama hakukasirika. Akanieleza kwamba majani hupondwa na magurudumu yakawa utando mwororo kama sabuni, na gurudumu likisimama huteleza. Kisha akanimiminia chai na kunipa nusu ya mkate wake wa yai. Tulikaa pale muda wa kutosha kula mkate mzima. Baadaye niliuliza watu wengine wawili na wote wakasema vile vile, nikamwomba radhi moyoni.

Ndani ya treni ile Imma aliniandikia: "Babu ameuliza rangi mara tatu. Nimesema sijaiona leo. Sasa amekaa kwa ile meza. Hali kitu, anakunywa chai tu."

Preston

Nilifikia kwa Bi Zubeda, shoga yake mama mdogo. Ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia Preston zamani na wazee wake. Aliambiwa atapata mgeni mtafiti wa treni. Nilipobisha hodi alinitazama, akatazama nyuma yangu barabarani, akanitazama tena.

"Na yeye yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo mtafiti."

"Ni mimi."

"Wacha wee! Mimi nimeweka chumbani kandambili za kiume, namba kumi! Nilidhani anakuja bwana na ndevu zake." Akanivuta ndani. "Ingia, ingia, baridi hii itakuua. Unakula sambusa za nyama au za mboga? Au hata hizo unataka ushahidi kwanza? Mamako mdogo amenieleza tabia zako."

Sambusa zake nilizila bila kuuliza.

Kesho yake akanipeleka kwa gari mahali palipokuwa na lile banda. Pamejengwa duka la mazulia na uwanja wa kuegesha magari. Nyuma kumesalia ukuta mrefu wa matofali meusi, na upande wa pili daraja la chuma la waendao kwa miguu. Nilitoa zile picha za Ami Talib, nikasimama darajani, nikazilinganisha na ukuta. Zote zilikuwa zimepigwa kutoka pale niliposimama au njia iliyo chini yake. Nikatazama jua lilipo. Lilikuwa mgongoni mwangu.

Mpiga picha yeyote husimama jua likiwa nyuma yake. Katika kila picha injini imeegeshwa pua yake magharibi, kwa hiyo wote waliosimama darajani walipiga ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia ulikuwa umeelekea ukuta. Picha kumi na moja za Ami Talib zilikuwa picha kumi na moja za upande mmoja.

"Basi umeshinda," alisema Bi Zubeda, akijifunika shali.

"Bado. Hii inaonesha tu kwamba Ami Talib hajui. Haioneshi kwamba Babu anajua."

"Mwanangu, atakayekuoa ana kazi."

Jioni Imma aliandika: "Amepata brashi. Hajapata rangi. Amekaa na brashi mkononi."

Bondeni

Mwendo wa saa moja kutoka Preston kuna reli ya zamani bondeni inayoendeshwa na watu wanaojitolea, treni za mvuke za kweli, kwa mapenzi tu. Behewa moja wameligeuza maktaba ya picha, na mwenye nalo ni Margaret, mama mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Alinitafutia kila picha ya injini yetu. Zilikuwa zile zile, na nyengine nne. Ubavu wa kushoto, kushoto, kushoto, na moja ya mbele.

"Usinune," alisema. "Jumamosi tunasafisha injini. Njoo ufanye alichokifanya babu yako, angalau ujue uzito wa tambara."

Jumamosi nikaenda. Kwanza walikula. Wana desturi ya kukaanga kiamsha kinywa juu ya koleo, lile sepetu la kutilia makaa, ndani ya tanuri la injini. Nikaona nyama ya nguruwe juu ya lile koleo, nikasema ahsante, mimi nimeshiba. Msimamizi wao, bwana mnene aitwaye Colin, alinielewa kabla sijamaliza. Alipotea, akarudi na koleo jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa mpinini. Akanikaangia mayai mawili juu yake mbele ya wenzake wote, na akasema tangu siku ile koleo lile halitaguswa na nyama hiyo, atalitundika peke yake. Sijawahi kula mayai matamu kama yale, na sijui kama ni moto wa makaa au ni mtu aliyeyapika.

Kisha akanipa tambara na kikopo cha mafuta ya taa. Injini ilikuwa imesimama mbele yangu, ubavu wa kushoto ukinitazama. Nikakichukua kile kikopo, nikazunguka mbele ya injini, nikavuka reli, nikaenda upande wa pili, nikaanza kusugua.

Colin akanifuata. "Kule kulikuwa na nini kibaya?"

"Wapi?"

"Hapo uliposimama. Watu wote huanza pale walipo. Wewe umezunguka injini nzima ukaja huku."

Nikatazama tambara. Sikuwa nimeamua kitu. Nilikuwa nimeanzia upande wa kulia, kwa sababu mtu huanzia kulia. Udhu unaanza mkono wa kulia. Nguo, mkono wa kulia. Kiatu cha kulia, msikitini mguu wa kulia. Nilipokuwa na miaka tisa Babu alinifundisha kuosha gari na akanianzisha mlango wa kulia. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "We anza tu." Mimi ninayehoji kila kitu, hicho sijawahi kukihoji tena mpaka Colin aliponiuliza.

Niliendelea kusugua. Baada ya saa mbili nilikuwa sijamaliza hata nusu ya ule ubavu, na mabega yananiwaka. Nikamuuliza Colin injini nzima huchukua muda gani. Akasema zamani walikuwa watu sita kwa injini moja, zamu nzima. Lakini ile miaka ya mwisho watu walikuwa wameshahama kazi, na banda zima lingeweza kuwa na kijana mmoja au wawili.

Kijana mmoja. Anaanzia kulia. Zamu inakwisha. Injini inatoka, inarudi chafu pande zote mbili, naye anaanzia tena upande wa kulia.

Nilikaa chini kwenye mataruma ya reli. Kila kitu kilikaa mahali pake, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe kichwani, nikitaka sana liwe kweli. Nilihitaji mtu aliyeiona.

Nilipomwambia Margaret kuwa nataka habari za upande wa kulia, alishusha miwani. "Huku hatusemi kulia. Kwenye injini kama zile dereva alikaa kushoto, mtia makaa kulia. Unachotafuta wewe ni upande wa mtia makaa. Basi umtafute mtia makaa."

Alimjua mmoja. Jina lake Alan, alifanya kazi banda lile lile, umri wake umepita themanini, na siku hizi haji kwa sababu ya goti. Nilimwomba Margaret ampigie simu lakini asimwambie ninachotaka kujua. Hata neno moja.

"Kwa nini?"

"Nikimwambia, atakumbuka nitakacho."

Akanitazama juu ya miwani yote miwili. "Mtoto mgumu wewe," alisema, na nadhani alinisifu.

Kwa Alan

Alan anakaa peke yake katika nyumba ndogo ya mwisho mtaani, bustani yake imepangwa kama kitambaa cha bafta kilichopigwa pasi. Nilimpa halwa. Alionja kwa kijiko, akaenda jikoni akarudi na mkate uliochomwa, akaipaka juu kama siagi. Nikamwacha.

Nikamtajia namba ya injini. Nikasema, "Nieleze chochote unachokumbuka."

Akaeleza. Jinsi bomba moja la maji lilivyokuwa likivuja hata ufanye nini. Jinsi ilivyopenda kupanda mlima kuliko kushuka. Dereva wake, Harold, mtu wa kununa, anayekunywa chai bila sukari na kuwachukia wenye kutia. Nusu saa ikapita. Niliuma ulimi. Mkono wangu chini ya meza ulikuwa umekunja kitambaa mpaka kikawa kamba.

"Na Harold kwenye ile injini alikuwa na hasira zaidi," alisema Alan, akicheka peke yake, "kwa ajili ya upande wangu."

"Upande wako?"

"Wangu ukisafishwa. Ung'are kama kiatu cha askari! Wake uchafu mtupu. Kila siku! Kulikuwa na kijana anaisafisha, mrefu, mwembamba, na kofia ya sufi mpaka masikioni hata kwenye joto la mwezi wa sita. Tukimwita Nas. Harold aliapa kwamba namhonga sigara. Nikamwambia, Harold, yule kijana havuti hata sigara!"

Nilikiachia kile kitambaa chini ya meza.

"Ngoja," alisema Alan. Akainuka kwa tabu, akarudi na picha ndogo nyeusi na nyeupe. Yeye kijana, ameegemea dirisha la injini, anacheka. Chini ya dirisha bati linang'aa, na ndani ya mng'ao ule anaonekana msichana mwenye koti refu, kamera usoni. "Jean wangu huyo. Tulikuwa hatujaoana. Alisimama kule ukutani ambako wapiga picha walikuwa hawafiki. Hakujali jua liko wapi, alikuja kunipiga mimi."

Hapo ndipo nilipomwambia mimi ni nani, na kwamba Nas alikuwa akianza upande wa kulia kwa sababu ndivyo alivyolelewa kuanza kila jambo, na zamu haikuwahi kumfikisha kushoto. Alan akacheka mpaka akakohoa.

"Harold alinuna mpaka alipokufa," alisema. "Na hakuna aliyemuuliza yule kijana."

Kule ilikuwa adhuhuri, Muscat saa kumi alasiri. Nikapiga simu ya picha. Imma alipokea, akamkabidhi Babu mezani, brashi bado mkononi. Nikamgeuzia Alan.

"Nas," alisema Alan. "Ile kofia unayo bado?"

Babu aliiweka brashi mezani. Kisha akamjibu, na Kiingereza kilichotoka hakikuwa kile ninachokijua, cha ofisini, bali kile kile cha Alan, kizito, kinachokata mwisho wa maneno. Miaka yangu yote sikujua kwamba Babu ana sauti ile. Wakaongea juu ya bomba lililovuja. Alan alipomweleza habari za Harold na sigara, Babu alicheka, kisha akasema, "Mungu amrehemu."

Nikaisogeza picha kwenye kamera. Babu akaileta simu karibu mpaka nikawa naona jicho moja tu.

"Raya," alisema, sasa kwa Kiswahili.

"Naam, Babu."

"N'likuwa sikuzua."

"Hukuzua, Babu."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alan hakujua tunasema nini, lakini alitazama dirishani mpaka tulipomaliza.

Kurudi Muscat

Safari ya kurudi ilikwenda kwa wakati na kwa hiyo haina la kusimulia, ila kwamba Bi Zubeda alinifungia sambusa arubaini na zikafika Al Hail thelathini na moja.

Siku ya maonesho Babu alikataa meza iliyoegemezwa ukutani. Alitaka ya katikati, watu waizunguke. Kila treni huwa na kadi yenye mstari wa ushahidi, na wenzake waliandika majina ya vitabu na namba za picha. Yake niliiandika mimi: "Aliyeisafisha, na mtia makaa." Chini yake nikaweka nakala ya picha ya Jean.

Ami Talib alisimama upande wa kulia muda mrefu, mikono nyuma.

"Sheikh Nassor, picha zangu zote za upande mmoja."

"Nnajua."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikwambia ndivyo ilivyokuwa. Ulitaka nikwambie vipi?"

Ami Talib akacheka, akamshika Babu mkono, hakuuachia haraka. Halafu akaanza kuwaita watu, mmoja mmoja, akiwazungusha meza na kuwaeleza habari za jua na daraja na ukuta kama kwamba alikuwako. Nilimwacha. Babu alikuwa amekaa nyuma ya meza na kanzu yake mpya, na kila mtu alipouliza kwa nini upande mmoja, yeye alininyooshea kidole, "Mwulizeni mjukuu wangu. Alikwenda mpaka kule." Sijapata kujisikia hivyo hata siku ya mahafali.

Miezi mingi ilipita. Asubuhi moja nilikuwa nampeleka kwa daktari wa macho, tumekwama kwenye foleni, akaanza kunieleza jambo ambalo Alan asingelijua, maana alikuwa ameshahamishiwa banda jengine. Asubuhi ya mwisho, kabla injini haijakokotwa kwenda kukatwa, Babu alifika kazini akamkuta Harold ameshavua koti na ana tambara lake mwenyewe. Hawakusemeshana. Babu alisafisha kulia, Harold akasafisha kushoto, na injini ikaondoka bandani safi pande zote mbili, na hapakuwa na mtu wa kuipiga picha.